Ukaguzi wa Jioni

Lete beseni, Nabwile. Maji yasiwe moto.
Yajaribu kwa kiwiko chako, usiniulize mimi;
miguu yangu siku hizi haitoi ushahidi.

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa mpishi wa sukari
kule kiwandani, upande wa Bukembe.
Nilichota uji mweusi, nikaupaka kiooni,
nikausugua kati ya kidole gumba na cha shahada,
nikajua, kabla ya maabara kujua,
kama chembe zimekomaa au bado changa.
Wahandisi walikuja na vipimo vyao
wakaishia kuniuliza, "Wepukhulu, wasemaje?"
Nami nikasema, "Ngojeni."
Wakangoja.

Nilipostaafu walinipa cheti, godoro, na gunia la kilo hamsini.
Kiinua mgongo kilikuja miaka minne baadaye,
mgongo wenyewe ushapinda.
Godoro tunalilalia. Gunia tuliligawa kwa majirani
wiki ile muuguzi wa Bungoma alipotazama kimashine chake
akaniuliza kama nimekula kiwanda kizima.
Nilicheka naye. Sikujua bado ninacheka nini.

Majirani walibeba sukari yangu na maneno yao:
mchovya asali hachovyi mara moja.
Wallahi, hata chai tamu sikuwa naipenda.
Pua yangu ilikuwa imeshiba zamani.

Alfajiri king'ora hakilii tena
lakini nashtuka, napapasa viatu vya kazi chini ya kitanda,
nakuta soksi za sufi na vidonge vya watu wawili.

Watoto wetu sita wametawanyika, Eldoret mpaka Doha.
Aliyebaki nyumbani ni mtoto wa jicho,
kitinda mimba wa Nabwile,
naye huyu kila mwaka anaahidiwa kutolewa.
Kwa hiyo mke wangu haitazami miguu yangu; anaisoma.
Huiweka mapajani, juu ya taulo la kijani,
akapita polepole, kidole baada ya kidole,
katikati yake, chini yake, ukingo wa kisigino,
kama mtu anayechambua wimbi gizani.

Mwaka jana, siku ya Jumatatu, mkono wake ulisimama.
"Hapa kuna nini?"
Niliinama na tochi.
Msumari wa bati, ulionipata kwenye banda la kuku.
Nilikuwa nimetembea nao siku mbili,
nimeupeleka kanisani, nimesimama nao wakati wa nyimbo,
nikamsalimu nao mchungaji.
Nabwile alipiga yowe.
Msumari ulikuwa wangu, uchungu ukaenda kwake.

Wiki saba za bandeji. Pikipiki kwenda, pikipiki kurudi.
Daktari mmoja kijana alitamka neno "kukata"
huku akitazama dirishani.
Halikukatwa kitu. Lakini lile neno
bado linakaa nasi mezani, halili, haliondoki.

Basi sitembei pekupeku, hata kwenda uani.
Ugali wangu ni ngumi moja, mrenda nashiba.
Jioni nazunguka shamba la miwa la jirani
mara mbili, mara tatu goti likikubali,
nikinusa harufu ya mwajiri wangu wa zamani.

Haya, umemaliza. Kausha katikati ya vidole. Vizuri.
Sasa zamu yako, nipe mkono.

Kile kitambaa kinavimba, kinambana, kinapumua.
Namba zinatokea, nami peke yangu naziona:
mia moja hamsini na nane, chini yake tisini na sita.
Nasita. Nataka kumpunguzia ishirini ili alale.

"Soma ilivyo," anasema.
"Wale wahandisi hukuwahi kuwadanganya."

Namsomea. Ananyamaza.
Kwa mbali trekta linaburuta miwa barabarani,
tela moja, tela mbili, la tatu likilia.

"Ngoja," nasema. "Tutulie kidogo, nikupime tena."

Anangoja,
miguu yangu ingali mapajani mwake.
Sijui kama ni mizito. Hajasema.